Nchi ya baba, wimbo wa mama

Juni 2018, siku za Idi, Denmark wanacheza na Peru kwenye Kombe la Dunia kule Urusi, na mimi niko kibanda umiza Kimara na kaka yangu, viti vya plastiki, feni moja inazungusha joto tu. Humo ndani hakuna aliyekuwa na mpango na Denmark. Peru wakapata penalti, Cueva akapaisha, watu wakacheka mpaka mapumziko. Kipindi cha pili, dakika ya 59, yule mrefu wa Denmark akafunga, alipogeuka kushangilia kamera ikamulika mgongo, jezi imeandikwa YURARY. Jamaa mmoja nyuma yetu akaruka na kiti chake, “Huyo wa Tanga huyo! Mtoto wa Tanga!” Basi kibanda kizima tukawa Denmark mpaka filimbi ya mwisho, na mtu mmoja akaanza kuuliza kwa nini TFF, shirikisho letu la mpira, hawakumfuata mapema.

Mchezaji mwenyewe ni Yussuf Poulsen. Mama yake Mdenishi, baba yake mtu wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za makontena, akafariki kwa kansa Yussuf akiwa na miaka sita. Klabuni amezoeleka kwa jina la Poulsen, la upande wa mama. Kwenye Kombe la Dunia, timu ya taifa ya nchi ya mama, akavaa jina la baba. Mi sijawahi kuona mtu akimaliza mjadala wa mtoto ni wa baba au wa mama kwa herufi chache namna ile.

Maana kwetu mjadala huu hauishi. Mtu akikuuliza “kwenu wapi?” hajakuuliza unakaa wapi wala umezaliwa wapi, anauliza baba yako katokea wapi, na ukimjibu “Dar” anatabasamu kidogo halafu anarudia, “hapana, kwenu kwenu.” Mimi hilo swali linanipa kazi. Baba yangu Mchaga wa Marangu, mama Mluguru wa Matombo, nimezaliwa Morogoro mjini nikakulia Dar. Kwa Wachaga mtoto ni wa baba, ukoo wa baba, kihamba cha baba (lile shamba la ukoo), Desemba ikifika unapanda basi unaenda kuhesabiwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa mama, ukoo wao wanaita lukolo na unafuata upande wa kikeni, baba anakuachia mtala tu, yaani jina la ukoo wake ulibebe. Kwa hiyo mtu kama mimi nadaiwa kote. Marangu wanasema mtoto wetu, Matombo mjomba anasema mtoto wetu, na kila mmoja ana haki kwa sheria zake. Ingekuwa kinyume, baba Mluguru na mama Mchaga, nisingekuwa wa mtu, kila upande ungekuwa unanisukumia kwa mwenzake. Binamu yangu mmoja yuko hivyohivyo, ni mtoto wa mjomba aliyeoa Moshi, na anasema ndiyo maana sikukuu anapenda kulala gesti.

Sasa Marangu kuna kila kitu ambacho mtu anaweza kukiita nchi ya baba. Makaburi ya babu na bibi yako katikati ya migomba, masale yamepandwa mpakani, mfereji unapita nyuma ya nyumba, na unaonyeshwa kwa kidole kabisa kwamba hapa alikaa babu mzaa babu, na pale ndipo palipokuwa na zizi. Nikifika pale roho inatulia, sitadanganya. Lakini ardhi yenyewe kimila inagawiwa wanaume, mtoto wa kwanza na wa mwisho ndio wanaoangaliwa zaidi, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi. Mimi wa kike nina jina tu. Matombo, ambako hata jina la ukoo wao halimo kwenye kitambulisho changu, ndiko nilikopewa kipande cha shamba chenye migomba na mikarafuu michache na mdalasini, kwa sababu bibi alikuwa nacho na mama alikuwa nacho. (Wazee wa kule wanasema hilo jina Matombo maana yake ni matiti, kwa sababu ya umbo la vilima, na ukivitazama huulizi tena.)

Kwa hiyo nikisikia watu wanaimba nchi, huwa natega sikio kujua wanamwimbia nani, baba au mama, halafu nageuka kuangalia karatasi zinasemaje. Na nimegundua hivi vitu viwili mara nyingi havielewani.

Ukitaka nchi ya baba iliyoandikwa kabisa jina lake, nenda kwa Wajerumani. Wao wanasema Vaterland, baba yumo ndani ya neno, na limo kwenye wimbo wao wa taifa, ubeti wa tatu ambao ndio unaoimbwa siku hizi, umoja na haki na uhuru kwa nchi ya baba ya Wajerumani. Aliyeuandika ni Hoffmann von Fallersleben, Agosti 1841, akiwa kisiwani Heligoland. Wakati huo hakukuwa na nchi moja inayoitwa Ujerumani, kulikuwa na rundo la falme na miji kila mmoja na mkubwa wake, na kisiwa chenyewe kilikuwa cha Mwingereza. Yaani jamaa alikaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, akatunga wimbo wa nchi ambayo haijazaliwa, akautia kwenye melodi ya Haydn ya 1797 iliyotungwa kumwombea mfalme wa Austria. Kila kitu cha kuazima isipokuwa hamu.

Na kama hilo jina Heligoland limekugonga mahali, ndiyo ileile ya kwenye somo la historia. Tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza akampa Mjerumani Heligoland, Mjerumani akakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya Mwingereza, akaachia na Witu kule karibu na Lamu. Mtaani watu husema Mjerumani aliiuza Zanzibar kwa kisiwa kimoja. Si kweli, hakuwa nayo ya kuuza, ilikuwa na Sultani wake. Ila mi naona hivyo ndivyo inavyouma zaidi, kwamba kile kisiwa ulikotungwa wimbo wa nchi ya baba kilimfikia baba kwa mkataba uliohusu nchi ya watu wengine, ambao hakuna aliyewauliza kitu. Sijui kama kuna Mjerumani hata mmoja anayeikumbuka Unguja anapoimba uwanjani.

Mwaka 2018, mwaka uleule wa goli la Yussuf, afisa wa usawa wa jinsia kwenye wizara ya familia ya Ujerumani akapendekeza baba atolewe kwenye ule wimbo, iwekwe nchi ya nyumbani. Kelele zake hazikuwa ndogo, na msemaji wa Merkel akasema Kansela ameridhika na wimbo ulivyo. Austria walishawaingiza mabinti kwenye wimbo wao tangu 2012, Kanada nao mwaka huohuo 2018 wakawatoa wana wa kiume wakaweka sisi sote. Niliposoma hizo habari nikauimba wetu kimoyomoyo, kuangalia baba amekaa wapi. Hayumo! Ubeti wa kwanza hata Tanzania haimo, ni Afrika tu, na melodi ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Johannesburg, ya 1897, ambayo Zambia nao wanayo na Afrika Kusini wanayo. Ubeti wa pili unaombea uhuru na umoja, “wake kwa waume na watoto,” wake wametangulia, na hakuna wizara iliyoandika barua. Tunaye Baba wa Taifa, sawa, lakini huyo ni mtu, ana jina, ana kaburi Butiama. Nchi yenyewe tukiibembeleza tunaiita mama. “Niamkapo ni heri mama wee,” nani hakuimba hiyo mstarini asubuhi, viatu vimelowa umande na mwalimu wa zamu anazunguka na fimbo nyuma ya migongo yenu?

Wakenya ndio wamenimaliza. Uhuru unakuja 1963, wanatafuta wimbo wa taifa, wanamuziki watano wakakaa kamati, na melodi waliyoichukua ni ya Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa kumbembelezea mtoto alale. Kwa hiyo kila gwaride, kila medali ya Olimpiki ya mbio ndefu, majenerali wamekakamaa na saluti, kinachopigwa ni kile alichokuwa anaimba mama mmoja mgongoni kuna mtoto analia. Rwanda walipobadilisha wao 2002 wakaiita nchi ngobyi, ile ya kubebea mtoto. Hata Warusi, vita vyao vikubwa vya 1941 mpaka 1945 rasmi wanaviita vita vya nchi ya baba, lakini bango maarufu la kuwaita watu jeshini lilikuwa la mama kavaa nguo nyekundu ameshika kiapo mkononi, na lile sanamu la Volgograd la 1967, mita 85 mpaka ncha ya upanga, ni mwanamke anaita wanawe. Nadhani wakubwa wa vita wanajua vizuri mwanaume anaitikia sauti ya nani.

Haya, huko ni kwenye wimbo. Ingia sasa ofisini, dirisha la uraia, uone mama anavyoyeyuka.

Botswana kulikuwa na mwanasheria, Unity Dow, Mbotswana kabisa, aliolewa na Mmarekani. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alizaliwa kabla ya ndoa, kwa hiyo alikuwa raia wa Botswana kupitia mama. Wawili waliofuata walizaliwa ndani ya ndoa, na sheria ya 1984 ilisema mtoto wa ndoa anafuata baba, kwa hiyo hao hawakuwa raia. Nyumba moja, sahani moja, mama mmoja, huyu mwenyeji na hawa wageni, na kilichowafanya wawe wageni ni kwamba mama yao alikuwa amefunga ndoa ya heshima kama alivyofundishwa. Akaishtaki serikali. Serikali ikajitetea kwamba jamii ya Kitswana ndivyo ilivyo, inafuata baba. Dow akashinda Mahakama Kuu 1991, serikali ikakata rufaa, akashinda tena 1992, na baadaye akawa jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi hiyohiyo. Hii stori huwa nawasimulia wanaoniambia mambo ya baba na mama ni utani wa harusini tu.

Na hatukuwa mbali nao. Kenya ilibidi waingoje katiba ya 2010 ndipo ikaandikwa waziwazi kwamba mtoto ni raia kupitia mama au baba, popote alipozaliwa. Burundi sheria yao ya 2000 mtoto bado anamfuata baba, mama zamu yake inakuja pale baba asipokuwepo kisheria, na wimbo wao wa taifa unaiita nchi urithi wa mababu, basi hao angalau wimbo na karatasi vinaongea kitu kimoja. Sisi sheria ya 1995 inamtambua mama hata mtoto akizaliwa nje, lakini mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania ana njia ya kuupata uraia kwa ndoa, na mwanaume wa kigeni aliyeoa Mtanzania njia hiyo hana. Rafiki yangu ameolewa na mtu wa nje, kila vibali vinapokaribia kwisha nyumba nzima inaumwa presha.

Wanaonifikirisha zaidi ni Waomani wa Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi wenye asili ya Oman walitawanyika kutoka Zanzibar, na Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 akawaita walioko nje warudi kuijenga, wakaenda, wa Unguja na Pemba na wengine wa Bara na Burundi huko. Kwa hesabu ya baba walikuwa wanarudi nyumbani. Wengi wao hapo nyumbani hawajawahi kukanyaga, Kiarabu chenyewe kinawapiga chenga, ndani wanaongea Kiswahili cha mama na bibi. Unguja waliambiwa ni Waarabu, walipofika Maskati wakaambiwa ni Wazanzibari. Paspoti ilipita kwa baba, lugha na mapishi na nyimbo za kubembelezea vikapita kwa mama, na mpaka leo Kiswahili kipo Maskati, wajukuu wanatukanana nacho vizuri kabisa.

Mpira kidogo una huruma, unakuachia uchague. Ndugu wawili wa Berlin, Kevin-Prince na Jérôme Boateng, baba mmoja Mghana, mama tofauti, wote wawili Wajerumani. Kevin-Prince akachezea Ghana, Jérôme Ujerumani, na tarehe 23 Juni 2010 wakakutana Johannesburg kwenye Kombe la Dunia, ndugu wa kwanza kucheza wakiwa wapinzani kwenye mashindano hayo. Özil akafunga, Ujerumani wakashinda 1-0. Kumbuka mwezi mmoja kabla Kevin-Prince alimwumiza Ballack, kapteni wa Ujerumani, kwenye fainali ya Kombe la FA, Ballack akakosa mashindano, kwa hiyo kuna Wajerumani waliokuwa wamekwisha kumwondoa kwenye nchi ya mama yake kabla hajafika ya baba. Mwaka 2016, kwenye Euro, ikawa zamu ya ndugu wengine, akina Xhaka, Granit yuko Uswisi, Taulant yuko Albania, na mama yao alikwenda uwanjani na fulana nusu bendera hii nusu ile. Ningekuwa na namna ya kuipata ile fulana, nusu Marangu nusu Matombo, ningeivaa Krismasi.

Ila kwa Afrika Mashariki kesi ya nchi ya baba kuliko zote haikuwa ya mpira wala paspoti, ilikuwa ya maiti. S.M. Otieno, wakili maarufu wa Nairobi, Mjaluo wa Nyalgunga, Siaya, alifariki Desemba 1986. Mke wake Wambui, Mkikuyu, aliyekuwa kwenye harakati za Mau Mau, akataka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema haiwezekani, Mjaluo anazikwa kwa baba yake. Wakaenda mahakamani na marehemu akakaa mochwari zaidi ya miezi mitano. Kenya nzima ilikuwa inafuatilia kama tamthilia, magazeti yanaisha asubuhi, mashahidi wakaletwa wa kila aina, mpaka mchimba makaburi, mpaka profesa wa falsafa, Odera Oruka, kueleza mila. Na kiini cha hoja ya ukoo kilikuwa hiki, kwamba Nairobi au Ngong mtu anaweza kuwa na nyumba, hata kumi, hata za ghorofa, lakini nyumbani ni kule ulikowekewa msingi na wazee wako. Nyumba si nyumbani. Wambui alikuwa na mume, watoto, miaka ishirini na kitu ya ndoa, hati ya shamba. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikawapa ukoo haki, Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23, mke wake hakwenda.

Mi hiyo kesi nimeisoma mara nyingi na kila mara nabadilisha upande katikati. Nikiwa Marangu kwenye migomba ile nawaelewa Umira Kager kabisa, mtu akizikwa mbali na wazee wake pale kwetu wanaona kama amepotea njia. Nikirudi Dar, nikamwangalia mume wangu amelala kwenye kochi tulilolipia kwa mkopo wa Sakosi, naanza kumwelewa Wambui mpaka kifua kinabana. Kwa mila ya upande wa mume wangu, ambaye ni Mnyamwezi wa Tabora, watoto wetu wa kule. Kwa lukolo watoto wangu ni wa Matombo. Binti yetu alipopewa fomu na shule ya kujaza “mahali pa asili” aliandika Kimara mwisho, na sijamsahihisha.

Mwaka jana grupu la WhatsApp la ukoo wa Marangu likaanza mchango wa kujengea makaburi, marumaru na uzio wa chuma, na mnara mdogo wenye majina. Kila mjukuu laki moja, wa kike wa kiume hakuna tofauti, “tukumbuke tulikotoka,” na emoji za mikono ya kuomba. Nimetuma yangu, kwa moyo safi, babu alinipenda. Chini ya ile meseji ya muamala nikaandika swali, kwa adabu zote, shikamooni wazee, naomba kujua kama kwenye ule mgao wa kihamba unaosubiriwa sisi wa kike nasi tutahesabiwa kama tulivyohesabiwa kwenye mchango. Watu wakaisoma. Mtu mmoja akaweka picha ya Jumapili njema. Mwingine akatuma listi mpya ya waliochanga, jina langu limo, namba nne.

Jioni shangazi akanipigia, ana miaka sabini na zaidi, ameolewa Machame siku nyingi. Akacheka wee mpaka akakohoa, akaniambia hilo swali na yeye alishamuuliza baba yake, nikamuuliza alijibiwa nini, akasema alitumwa akalete mbege. Halafu akaniambia wakikujibu nitumie na mimi, ila unitumie kwa meseji ya kawaida, hii simu yangu haina hizo WhatsApp zenu.